Kamba ya Bi Mize

Kila roketi iliporuka ilimwaga masizi juu ya mji. Bi Mize, dobi wa hospitali, alikuwa akianua mashuka mapema, kwa kuwa bintiye Zainuna alifanya kazi kwenye kituo cha roketi na ndiye aliyemwambia saa ya kuruka. Watu walizoea kuitazama kamba yake. Wakiiona tupu, walipanda kilimani kutazama.

Alasiri moja askari alimkuta uani na kapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Saa ya kuruka sasa ni siri ya usalama. Nguo zibaki kambani, na wewe ubaki hapa."

"Zitachafuka."

"Utafua tena."

Bi Mize alitazama kilima. Hakukuwa na mtu. Leo Zainuna mwenyewe alikuwa ndani ya roketi, na aliomba jambo moja tu: watu wa kwao wasimame kilimani wampungie mkono, hata kama hatawaona.

"Mama yako yu hai?" alimuuliza askari.

"Yupo."

"Anajua uko wapi leo?"

Askari aliangalia viatu vyake. Bi Mize akanyoosha mkono, akaanua kanga moja, ya Zainuna.

"Hata hiyo ibaki, mama," alisema askari, kwa sauti ya chini.

Bi Mize akairudisha kambani, akaibana kwa vibanio viwili. Ardhi ikaanza kutetemeka. Jirani zake, walioiona kamba imejaa, waliendelea kutwanga. Bi Mize akainua mkono katikati ya mashuka yaliyokuwa yakigeuka meusi. Kule kilimani mbuzi watatu walikuwa wakila majani.