Kahawa Imeshanywewa

Siku zote Shomari huvigonganisha vikombe ili watu wajue kahawa imefika barazani. Leo viligongana vyenyewe, kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukimtetemeka.

Njiani alikuwa ameyapanga maneno vizuri: buni imepanda bei, tangawizi imepanda, mkaa ndio usiseme. Lakini alipomwona Makame, yule mchinjaji aliyepindua sinia la muuza mikate juma lililopita kwa sababu ya bei, aliyameza yote. Akamimina. Kahawa ya barazani hunywewa kwanza, hulipwa baadaye. Na Shomari, kwa woga wake, aliwamiminia wote bila kusema neno.

Makame alipomaliza kunywa na kuingiza mkono mfukoni kutoa pesa, ndipo Shomari alipotambua kuwa amechelewa.

"Jamaa zangu, niwieni radhi," alisema, sauti ikimtoka kama ya mgonjwa. "Bei imepanda. Tangu leo."

"Tangu leo," Makame akarudia polepole. "Pamoja na hii niliyokwisha kunywa?"

"Buni, bwana... halafu mkaa..."

"Sikukuuliza mkaa, Shomari. Kwa nini hukusema kabla hatujanywa?"

Shomari alitafuta uongo, akaukosa.

"Nilikuogopa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Makame alikitazama kikombe chake kitupu, akakizungusha kiganjani, kisha akakiinua juu. Shomari naye akanyanyua birika, asijue kama ni la kumiminia au la kujikingia uso.