Titi la Kushoto

Ananías aliliachia titi, akamkodolea mama yake macho kama mtu aliyetiliwa chumvi kwenye chai, kisha akaangua kilio mpaka kuku wakatawanyika uani.

“Tena?” aliuliza Mama Auxiliadora kutoka jikoni, alikokuwa akiponda ndizi.

“Tena, Mama,” alijibu mkwewe, Deyanira. “Lile lile la kushoto.”

Mtoto alikuwa na miezi saba, na vituko vyake vilijulikana kijiji kizima. Alinyonya huku akiimba kwa pua. Aliukamata mguu wake mwenyewe na kuusukuma kwenye kidevu cha mama yake. Akishaanza kushiba, alilipiga titi vibao kama mwokaji apigavyo donge la unga, na wanawake waliomwona walicheka hadi machozi. Lakini siku hizi vituko hivyo alivifanya upande wa kulia tu. Akihamishiwa kushoto alinusa, akakakamaa mgongo, akabana midomo. Na hilo ndilo titi alilolipenda tangu siku aliyozaliwa.

Deyanira alijua yalikoanzia. Wiki tatu nyuma, Ubaldina, mjane wa nyumba ya pili, aliwaletea karanga zake za kusaga kama kawaida. Alimkuta akinyonyesha. Mbele yake mtoto akalikataa titi kwa mara ya kwanza, na Ubaldina akasimama pale pale mlangoni, bakuli mkononi, akitazama tu. Hakumgusa mtoto, ingawa mtu mwenye nia njema humgusa ili kuondoa jicho. Alitazama, akaondoka bila kuaga.

“Jicho baya hilo,” alisema Mama Auxiliadora, na kwake shauri likawa limekwisha. Alichukua yai bichi, akampitishia mjukuu wake kuanzia utosini hadi nyayoni, akalipasua kwenye glasi ya maji. Kiini kilizama kikiburuta uzi mwekundu.

“Umeona? Damu!”

Akamfunga mtoto uzi mwekundu mkononi, na mwingine mguuni.

Titi lililosuswa nalo likawa gumu upande mmoja. “Maziwa yameganda,” alisema mama mkwe. “Amemfunga mtoto mdomo, kisha akafunga na chemchemi yenyewe.” Deyanira alilikanda kwa kitambaa cha moto asubuhi na jioni, mpaka kwapa likamuuma. Halikulainika. Hakujali. Kila alipofumba macho aliliona jeneza dogo jeupe, kama lile la mtoto wa jirani lililopita mbele ya nyumba yao mwaka uliopita.

Jumapili Ubaldina alirudi, safari hii mikono mitupu.

“Deyanira, mwanangu, hebu nilishike kidogo.”

Akanyoosha mkono kifuani kwake. Mama Auxiliadora akaupiga kwa mwiko.

“Kashike karanga zako huko! Titi la mkwe wangu lina nini nawe?”

“Auxi, nisikilize. Dada yangu marehemu naye—”

“Na dada yako alikuwa mchawi vile vile! Toka! Toka kabla sijakumwagia maji ya moto!”

Kufikia jioni habari ilikwisha zunguka. Mtu alimwaga chumvi kwenye kizingiti cha Ubaldina. Hakuna aliyenunua tena karanga zake, na akina mama waliwavusha watoto upande wa pili wa barabara. Siku ya Alhamisi alifunga nyumba kwa kufuli, akapanda basi la Portoviejo kwenda kwa mpwa wake. Deyanira alikuwa bombani, mtoto kamfunga kifuani, basi lilipopita. Ubaldina alitoa kichwa dirishani.

“Nenda kwa daktari! Usikawie!”

Deyanira akamfunika mtoto uso kwa shali, asije akaonwa kwa mara ya mwisho.

Walingoja nafuu. Mchawi kaondoka, uzi upo, mayai sita yameshapasuliwa, na bado mtoto alilikimbia titi lile kama moto. Jumatatu Deyanira alimwogesha, akamvika kofia.

“Nampeleka zahanati, Mama.”

“Madaktari wanajua nini habari za jicho?” alinung’unika mama mkwe. Lakini viatu alikwisha vaa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu. Alimpima Ananías uzito, akamchungulia masikio, koo, ufizi. Alimtekenya, mtoto akacheka. Kisha akasema, “Mnyonyeshe nimwone.”

Upande wa kulia Ananías aliimba, akarusha mguu, akapiga vibao vyake. Daktari alitabasamu. Deyanira akamgeuza kushoto. Mtoto akanusa, akakakamaa, akalia.

Tabasamu la daktari likaisha. Alinawa mikono, akaisugua ipate joto. “Ngoja niangalie maziwa,” alisema, akalibonyeza lile titi polepole kwa ncha za vidole, akapanda nalo hadi kwapani, akarudi, akapanda tena. Deyanira alimkumbatia mwanawe mpaka akaanza kulalamika.

“Ni jicho, siyo?” aliuliza Mama Auxiliadora. “Sema tu, mwanangu. Sisi si watoto.”

Daktari aliketi mezani, akaandika barua ya kwenda hospitali kuu. Aliandika kwa muda mrefu. Kalamu ilipotua, Deyanira alisogea mezani.

“Atapona?” alinong’ona. “Niambie kweli, daktari. Mwanangu atapona?”

Daktari aliisukuma ile barua mezani, na Deyanira akainama kuisoma. Mahali pa jina la mgonjwa hapakuandikwa Ananías. Paliandikwa Deyanira.