Nyasi za Mama Salha

Mama Salha alipokwenda kumtunza binti yao aliyejifungua, alimwachia mumewe kazi moja: kumwagilia nyasi za mapambo pale getini, zile zenye mashuke marefu ya zambarau.

Baba Salha alimwagilia kila asubuhi. Hata hivyo, wiki ya tano zilikauka zote. Jirani akamshauri azikate mpaka chini. Alizikata, kikabaki kisiki kama brashi ya viatu. Aliposikia mkewe yuko njiani, hofu ilimshika. Akayachomeka yale mashuke makavu kwenye udongo, moja moja, mpaka kichaka kikasimama tena.

Mama Salha aliweka begi chini, akagusa shuke moja. Likatoka mkononi. Akavuta la pili, nalo likatoka.

"Baba Salha, hizi umezipanda lini?"

"Nilizikata," alisema, macho chini. "Nimekuulia nyasi zako. Nisamehe."

Mkewe alicheka mpaka akakalia begi. Kisha akayang'oa mashuke yote, akamshika mumewe mkono na kukiweka kiganja chake juu ya kisiki. Vichipukizi vilimchomachoma.

"Kila mwaka nazikata hivi hivi, wewe unapita tu hapa getini huoni. Ndivyo zinavyoota upya." Alijifuta machozi ya kicheko. "Hata mjukuu wako jana katimiza arobaini, tumemnyoa."

Baba Salha hakuutoa mkono. Aliendelea kupapasa, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.