Kiganja Juu ya Glasi

“Élise, usikohole mbele ya bageni,” Scholastique alimwambia binti yake, akinyoosha kitambaa cha meza isiyo yake. “Ikikushika, ingia mu chumba, ufunge mulango.”

Nyumba nayo haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake Godelive, katika mtaa wa Lumumba, na waliiazima kwa siku ya posa na ya harusi tu. Nani angewapeleka wakwe kule kwao ukingoni mwa jalala la Bunia, ambako nzi huonja chakula kabla ya mwenyewe?

Kule taka ziliungua mwaka mzima. Asubuhi upepo uliwaletea moshi wote mlangoni. Jioni uligeuka, ukaupeleka ng’ambo ya pili, na Scholastique alimshukuru Mungu kwa sauti.

“Sasa bale ba ngambo bakule moshi yabo,” alizoea kusema. Ng’ambo ya jalala hakuwa na mtu aliyemjua.

Daktari hakuwaficha. “Mama, mapafu ya huyu mutoto imechoka. Atoke mu moshi. Dawa peke yake haitaweza.”

Atoke aende wapi? Shamba lao la Djugu walilikimbia wakati wa vita, na pale jalalani ndipo pekee ambapo hakuna aliyewafukuza. Basi Yves alipotokea, kijana mpole wa kwaya ya parokia, Scholastique alipiga magoti kumshukuru Mungu. Harusi ndiyo ingekuwa dawa.

Wageni waliingia wakinukia marashi kupita kiasi. Baba yake Yves, mzee Baudouin, alipokea juisi yake, akaifunika glasi kwa kiganja. Mkewe akafanya vilevile. Watu wenye adabu, Scholastique alijisemea.

“Munafunika nini?” Godelive aliwatania. “Weye pia, Scholastique! Hapa hakuna inzi hata moja.”

Scholastique akatazama mkono wake, akauondoa haraka. Wote wakacheka, wageni wakicheka zaidi.

Godelive alianza kuwauliza wageni kwao ni mtaa gani. Scholastique akamkanyaga mguu chini ya meza. Aliyeazima nyumba hawaulizi wenzake nyumba yao.

“Kwetu asubuhi hewa iko muzuri kabisa, mama,” Baudouin alisema mwenyewe. “Mutoto wenu atakaa muzuri.”

Élise alibana kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Wageni walidhani ni haya ya bibi arusi, wakapiga vigelegele.

Siku ya harusi magari yaliondoka Lumumba kwa honi na nyimbo. Mama hamsindikizi bintiye kwa mumewe. Waliokwenda ni mashangazi. Scholastique alirudi kwake, akavua viatu vya kuazima, akaketi mlangoni akilia. Ilimuuma kubaki peke yake, lakini furaha ilizidi. Angalau mmoja wao ametoka.

Jioni upepo ukageuka. Moshi ukainuka mlangoni pake, ukaanza kwenda zake.

“Asante Bwana,” alisema kwa mazoea. “Bale ba ngambo bakule yabo.”

Ndipo akasikia honi na zile nyimbo. Zilikuja zikizunguka jalala, zikanyamaza ng’ambo ya pili. Kule, moshi ulikotua, bibi arusi alikuwa akishuka garini, kiganja mdomoni.