Lenzi ya Kinyozi

Kichwa cha mwalimu kilikuwa kimenyolewa nusu pale jicho la kulia la kinyozi lilipoanza kuuma kama linachomwa msumari. Taa ya dukani ikavaa pete za rangi rangi. Kinyozi akaweka mkasi chini, akakimbilia nje kutapika.

Mkewe akaita teksi. Mwalimu, mteja wake wa miaka ishirini, akapanda nao vilevile alivyokuwa, kitambaa cha kunyolea bado kiko shingoni.

Hospitalini, daktari wa macho alikitazama kichwa cha mwalimu kwa muda, kisha akauliza mgonjwa ni nani.

"Ni mimi," kinyozi akaguna. "Huyu mteja tu."

Presha ya jicho ilikuwa juu mno. Wakampa dawa za kuishusha, na maumivu yalipotulia daktari akaketi kando ya kitanda.

"Mzee wangu, ndani ya jicho mna maji, na yana njia yake ya kutokea. Lenzi yako imenenepa kwa umri, imesogea mbele mpaka njia ikaziba. Tukiiacha, utapofuka. Tutaitoa, tuweke ya bandia, nyembamba. Maji yatapita, na utaona vizuri kuliko zamani."

"Itoe hata leo! Mtaani kwetu zimefunguliwa saluni tatu mpya na hajanihama mtu hata mmoja. Nikipofuka, watu wangu watanyolewa na nani?"

Mkewe akakohoa.

"Na wewe mwalimu," kinyozi akaendelea, "nenda ukamaliziwe huko saluni. Sitakasirika."

"Nitakusubiri, fundi."

Kinyozi akageukia ukutani ili wasimwone akilia.

Siku ya tatu akaingizwa chumba cha upasuaji. Jicho lilitiwa ganzi, lakini mdomo haukutiwa. Alisimulia habari za duka lake mpaka daktari akamwomba, kwa heshima zote, anyamaze kidogo. Akanyamaza, roho mkononi, akitazama mwanga mweupe ukicheza kama uko chini ya maji. Kabla hajachoka kunyamaza, kazi ikawa imekwisha.

Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Aliona vifungo vya gauni la muuguzi. Aliona sisimizi ukutani, akamsalimia. Aliona makunyanzi ya mkewe, akamwambia mbele za watu kwamba amekuwa mrembo kupita siku ya harusi, akachapwa kofi la begani, na muuguzi akacheka mpaka akaangusha plasta.

"Sasa dukani!" akasema.

"Mume wangu, tungepita nyumbani kwanza."

"Nyumbani kuna nini? Nataka kuwaona watu wangu!"

Watu wake walikuwa wamejaa dukani, wakamlaki kwa makofi na vifijo. Kinyozi akasimama mlangoni, mdomo wazi. Akatazama kichwa cha kwanza. Cha pili. Cha tano. Vyote vilikuwa mabonde na vichaka, kama shamba lililoingiliwa na mbuzi.

"Kumbe mmenisaliti!" akafoka. "Siku nne tu nimelazwa! Ni nani huyo aliyewaharibu hivi?"

Makofi yakakatika. Mwalimu akaviangalia viatu vyake.

"Fundi," akasema taratibu, "hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwingine."