Ushuhuda wa Fisi

Kampeni zilipoanza, Fisi akaokoka, kama ilivyo kawaida ya wagombea. Kasuku, mshauri wake, alikuwa amechoka kumfundisha.

"Kwenye kanisa la mbuzi usitaje kura kabisa," alimwambia. "Sema 'Bwana asifiwe', kisha toa ushuhuda. Bila dhambi nzito hawaguswi."

Jumapili Fisi akasimama mbele ya waumini, Biblia mpya kwapani.

"Bwana asifiwe."

"Amina," wakaitikia mbuzi.

"Ndugu zangu, mimi nilikuwa mla watoto. Wa mwisho nilimkamata kisimani mwezi uliopita. Alikuwa na kengele shingoni, akimlilia mama yake. Lakini leo nimesamehewa."

Akangoja makofi. Mama Tunu, mzee wa kanisa, akainuka taratibu.

"Huyo ni mwanangu," akasema. "Kanisa zima tumekuwa tukifunga na kumwombea arudi nyumbani."

Pembe zote zikainama kumwelekea Fisi. Akatoka mbio, Biblia akaiacha.

Njiani akamlalamikia mshauri wake, "Si nimefanya ulivyosema?"

Kasuku akashusha pumzi. "Nilikwambia utubu. Nani kakwambia useme kweli?"