Karatasi ya Mahudhurio

"Sahihi ni ya mahudhurio tu, mama zangu," alisema afisa elimu kwenye mkutano wa wazazi darasani, na karatasi ikamfikia Shaikha kabla ya soda za mkutano.

Juu ya majina palikuwa pameachwa nafasi wazi, upana wa vidole vitatu. Shaikha aliikazia macho. Mwaka jana walitia sahihi za mahudhurio kama hizi, uwanja wa shule ukachukuliwa. Walipouliza, wakaonyeshwa karatasi yao, na pale juu pameandikwa: "Wazazi wameridhia."

Leo ilikuwa zamu ya shule yenyewe. Wanafunzi wamepungua, afisa alieleza, kwa hiyo ifungwe na watoto wahamie shule iliyo ng'ambo ya mkondo wa maji. Kwenye ramani ni kilometa moja.

"Na maji yakijaa?" aliuliza Shaikha.

"Vigezo vinapima umbali, mama. Maji hayamo."

"Basi wavuke na ramani," mtu akasema nyuma, watu wakacheka.

Shaikha hakucheka. Mwanawe wa darasa la pili hajui kuogelea. Akatia sahihi yake, kisha akapandisha kalamu hadi kwenye ile nafasi wazi na kuijaza kwa herufi kubwa: TUMEHUDHURIA. HATUJAKUBALI.

Afisa akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi, mama."

"Subiri, baba. Wenzangu bado."

Akamsogezea jirani yake, bibi asiyejua kusoma.

"Umeandika nini hapo juu, mwanangu?"

Shaikha akamsomea kwa sauti, darasa zima likasikia.

Bibi akachukua kalamu, akaanza kujipaka wino kwenye dole gumba.

"Nionyeshe mstari wangu," akasema.